Mzazi Anaulizwa Nini? Mtaala na Familia katika Shule ya Msingi ya Kikristo

Katika shule nyingi za msingi zinazomilikiwa na makanisa nchini Tanzania, maneno "ushirikiano wa wazazi" hutamkwa mara kwa mara. Yamo katika hotuba za mahafali, yamo katika fomu za kujiunga, na aghalabu yamebandikwa ukutani katika ofisi ya mwalimu mkuu. Lakini mwanachuo anayekwenda katika shule hizo kwa mazoezi ya kufundisha angefanya vema kujiuliza swali moja dogo: mzazi huyu anayesemwa, anaulizwa nini? Maana mtu hushirikishwa katika jambo kwa kuulizwa. Anayeambiwa tu, asiulizwe lolote, huyo hakushirikishwa, ametumwa.

Maoni yangu ni kwamba shule ya Kikristo ina wajibu wa kumwingiza mzazi katika mtaala wenyewe, yaani katika yale mtoto anayojifunza siku kwa siku, wala si katika ada, sare na michango peke yake. Tena wajibu huo hauwezi kutimizwa na askofu wala na bodi. Unatimizwa, au unavunjwa, na mwalimu wa darasa, kwa namna anavyoandaa somo lake na kazi anayowapa watoto kwenda nayo nyumbani.

Tulikotoka

Si jambo geni kwa shule ya kanisa kumtenga mtoto na kwao. Katika siku za misheni walikuwako wamisionari walioona kwamba mtoto hawezi kukua katika imani mpya akiwa bado amezungukwa na mila za ukoo wake, na kwa sababu hiyo bweni lilihesabiwa kuwa bora kuliko shule ya kutwa. Mtoto alifundishwa kusoma, kuandika na kusali. Lakini pia, bila kuandikwa katika muhtasari wowote, alifundishwa kwamba yaliyo ya maana yako misheni na yaliyo ya giza yako kwao.

Hata hivyo haikuwa hivyo kila mahali. Huko Masasi, Vincent Lucas wa misheni ya UMCA, ambaye mwaka 1926 alikuwa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo, alishirikiana na mapadre na walimu Waafrika kuendesha jando la Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Huko Kilimanjaro, Bruno Gutmann, mchungaji wa Kilutheri aliyefika mwaka 1902 na kuondoka mwaka 1938, alitumia miaka mingi kuyaandika mafundisho ambayo Wachaga waliwapa vijana wao, akasisitiza kwamba ukoo, ujirani na rika ndiyo misingi ya kujengea usharika. Tunaweza kubishana nao katika mambo mengi. Lakini jambo moja waliliona sawasawa: nyumbani nako kuna mtaala. Kuna mada zake, kuna walimu wake, kuna umri wa kufundishwa kila jambo, na kuna mtihani wake.

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea, mojawapo ya lawama zake juu ya elimu tuliyorithi ilikuwa hiyo hiyo: kwamba inamfanya mtoto aamini kuwa maarifa yote yenye thamani yamo vitabuni au kwa watu waliosoma, na hivyo kumdharau mzee wake ambaye ana ujuzi wa maisha lakini hana cheti. Miaka miwili baadaye, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za makanisa zilizokuwa zikipata ruzuku ziliwekwa chini ya Serikali. Makanisa yalirudi katika elimu ya msingi kwa wingi baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 kupanua nafasi ya mashirika na watu binafsi. Yalirudi na majengo mazuri na nidhamu njema, na shule nyingi zilizofunguliwa tangu hapo hufundisha kwa Kiingereza. Je, yalirudi pia na ule ukuta wa zamani kati ya shule na nyumba?

Daftari la mawasiliano

Katika kuwatembelea wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha, niliwahi kulipitia daftari la mawasiliano la mtoto mmoja wa Darasa la III, tangu ukurasa wa kwanza wa muhula hadi wa mwisho. Nilikuta mwalimu ameandika: lipa nauli ya basi, nunua rimu ya karatasi, mtoto amekuja bila soksi, mtoto hajamaliza kazi, tafadhali tia sahihi. Na kila mahali palipotakiwa sahihi, sahihi ilikuwapo, imeandikwa kwa uangalifu mkubwa. Lakini hapakuwa na sentensi hata moja iliyomweleza mzazi mtoto wake anajifunza nini juma lile. Wala hapakuwa na sentensi hata moja iliyomalizikia kwa alama ya kuuliza.

Simlaumu mwalimu yule. Alifuata desturi aliyoikuta. Lakini tutazame matokeo ya desturi hiyo nyumbani. Mama anayeuza mboga sokoni anarudi jioni. Mtoto anampa karatasi ya maswali iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mama anaitazama, hawezi kusaidia. Ama atamwita kijana wa jirani aliyefika kidato cha nne, ama atakwenda kutafuta mwalimu wa masomo ya ziada na kumlipa, ama atatia sahihi na kunyamaza. Mtoto anatazama yote hayo. Usiku ule amejifunza somo ambalo halimo katika muhtasari: kwamba mama hajui kitu. Somo hilo likirudiwa mara nne kwa juma, kwa miaka sita au saba, hulishika barabara kuliko somo jingine lolote.

Amri ya kuwaheshimu baba na mama

Hapo ndipo shule ya Kikristo inapopaswa kushtuka kuliko shule nyingine. Katika kipindi cha dini tunamfundisha mtoto amri ya kuwaheshimu baba na mama. Ataikariri, ataiimba, ataiandika na kupata alama ya vema. Kisha jioni ile ile tunampa kazi ya nyumbani inayomwonyesha kwamba baba na mama hao ni wajinga. Mdomo wa shule unajenga na mkono wake unabomoa, na mtoto huamini mkono.

Makanisa yenyewe hayakufundisha hivyo. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya elimu ya Kikristo, lililotolewa tarehe 28 Oktoba 1965, linawahesabu wazazi kuwa walimu wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529, iliandikwa kwa nia kwamba mkuu wa nyumba awafundishe walio nyumbani mwake. Na kabla ya yote hayo, kitabu cha Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 6, kinaweka kazi ya kufundisha mikononi mwa mzazi, katika mazungumzo ya kila siku ya nyumbani na njiani. Kwa hiyo anayesema kwamba mzazi "ametuachia" mtoto ili tumfundishe, anasema neno lisilo na msingi katika imani ambayo shule yake imejengwa juu yake.

Somo moja kwa mfano

Lakini mwalimu hawezi kuishi kwa hoja peke yake. Kesho asubuhi ana kipindi. Tuchukue basi somo la Hisabati katika Darasa la III au la IV, mada ya vipimo vya ujazo. Mwalimu wa kawaida huandika ubaoni kwamba mililita 1,000 ni lita 1, hutoa maswali kumi, kisha matano zaidi ya kufanyia nyumbani. Mzazi asiyelijua neno mililita amekwisha kufungiwa mlango.

Mwalimu huyo huyo angeweza, siku moja kabla ya somo, kuwatuma watoto nyumbani na swali moja la mdomo: sado ngapi hujaza debe moja? Nyumba inayonunua unga au mahindi kwa vipimo vya sokoni haikosi jibu. Kesho yake majibu yatatofautiana. Wengine watasema nne, wengine tano, na wengine watakuja na jibu la busara kupita yote: inategemea anayepima. Hapo ndipo somo linapoanza. Mwalimu alete debe la lita 20, sado ya lita 4, na mahindi makavu au mchanga. Watoto wapime wenyewe. Watakuta kwamba sado tano zilizosawazishwa mdomoni hujaza debe, lakini sado ikijazwa mpaka kilele huhitaji chache zaidi. Wazee wa pwani walikuwa na maneno ya jambo hilo: kipimo cha mfuto, kilichosawazishwa, na kipimo cha tele, chenye kilele. Kumbe walioleta majibu tofauti hawakukosea. Walikuwa wakitaja desturi mbili za soko.

Sasa mtoto wa mkulima atainua mkono na kueleza habari za lumbesa, lile gunia linaloongezwa kichwa juu ya mdomo wake ili mkulima alipwe bei ya gunia moja kwa mzigo uliozidi. Baba yake amelinung'unikia jambo hilo miaka yote. Leo linung'uniko hilo limekuwa swali la Hisabati: kama gunia la debe 6 limeongezwa debe 1 na nusu, mkulima amepoteza lita ngapi? Na katika kipindi cha dini mwalimu afungue kitabu cha Mithali, sura ya 11, palipoandikwa habari za mizani ya udanganyifu. Hatahitaji kueleza sana. Watoto watakuwa wamekwisha kuelewa, kwa mikono yao na kwa vinywa vya wazazi wao, kwa nini kipimo cha haki ni jambo la Mungu.

Tazama lililotendeka. Mada ni ile ile ya muhtasari, wala haikupungua. Mzazi ameulizwa jambo analolijua kuliko mwalimu. Mtoto amekwenda shuleni akijivuna kwa jibu la mama yake. Na kama shule hufundisha kwa Kiingereza, hakuna kilichopotea: swali lilikwenda nyumbani kwa lugha ya nyumbani, jibu likarudi, na maneno ya Kiingereza yanafundishwa darasani, mahali pake, na mtu aliyesomea kazi hiyo.

Kanuni za kufuata

Kutokana na mfano huo tunaweza kupata kanuni chache zinazofaa katika masomo mengine.

Kwanza, uliza yaliyopo nyumbani, usiulize yasiyokuwapo. Katika mtaala ulioboreshwa, ambao utekelezaji wake ulianza kwa awamu Januari 2024, limo somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mtoto aulize: nani alinipa jina langu, na kwa nini? Swali hilo halihitaji kitabu, na majibu yake yatajaza vipindi viwili. Lakini usiwaambie watoto walete picha za ndoa ya wazazi wao, au wataje walichokula jana usiku. Maswali ya namna hiyo huwavua nguo maskini na yatima mbele ya wenzao. Wala usiseme "muulize baba" pale ambapo "muulize mkubwa wa nyumbani kwenu" pangetosha. Watoto wengi hulelewa na bibi, na wengine na shangazi au jirani.

Pili, mzazi asiyejua kusoma anaweza kusikiliza. Katika Darasa la I na la II, ambako kazi kubwa ni kusoma, kuandika na kuhesabu, mwombe mzazi amsikilize mtoto akisoma kwa dakika kumi, kisha amwambie: haya, nisimulie kwa maneno yako. Mtoto anayeweza kusimulia ameelewa. Asiyeweza, alikuwa anatamka herufi tu. Kama kitabu ni cha Kiingereza, asimulie kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Kipimo hicho cha ufahamu ni kizuri, na mzazi yeyote anakiweza.

Tatu, mwalike mzazi darasani, lakini umwandae. Fundi seremala, mkunga, mfuga nyuki, kila mmoja ana somo lake. Ni kosa kumsimamisha mtu mbele ya watoto arobaini na kumwambia "karibu utufundishe". Mtembelee kabla, mchague pamoja jambo moja tu, mpe nusu ya kipindi, na nusu iliyobaki uitumie wewe kuyaunganisha aliyoyasema na mada ya siku hiyo. Naye aje na vyombo vyake vya kazi, maana hizo ndizo zana bora za kufundishia.

Nne, mkutano wa wazazi usianze na ada. Uanze darasani, watoto wakionyesha walichojifunza, na wazazi wameketi katika madawati yao. Baada ya hapo mambo ya fedha yatazungumzwa kwa moyo mwingine. Tena tangazo la mkutano lisitolewe katika ibada ya Jumapili peke yake. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ni njia nzuri ya kuwafikia wazazi, lakini shule zetu nyingi zina watoto wa madhehebu mengine na wa Kiislamu. Katiba ya mwaka 1977, katika Ibara ya 19, inalinda uhuru wa dini wa kila mtu, na mzazi Mwislamu aliyetukabidhi mwanawe ametuamini kuliko tunavyostahili. Naye aulizwe pia. Habari za kipimo cha haki anazijua, na dini yake imemfundisha.

Hoja za wanaopinga

Wako watakaosema kwamba wazazi hawana nafasi, na kwamba ndiyo sababu wanalipa ada. Ni kweli kwamba wengi huondoka alfajiri na kurudi usiku. Lakini swali la mdomo la dakika tano haliombi nafasi kubwa; linaombwa mezani au njiani. Karatasi ya maswali ishirini ndiyo inayokula usiku wa nyumba nzima. Na pale ambapo nafasi ilikosekana kabisa kwa sababu mtoto mdogo amepelekwa bweni, Serikali yenyewe imekwisha kusema neno: mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi Darasa la IV, isipokuwa kwa kibali maalumu. Umri huo ni wa kulelewa nyumbani.

Wako watakaosema kwamba mbinu hizi zitapunguza ufaulu, kwa kuwa mtoto ana upimaji wa kitaifa wa Darasa la IV mbele yake. Nawajibu hivi: mtoto aliyepima kwa sado na debe hatasahau ujazo siku ya upimaji. Anayesahau ni yule aliyeimba kwamba mililita elfu ni lita moja, asiwahi kuiona lita.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, nayo inastahili heshima. Inasemwa kwamba ukimfungulia mzazi mlango wa mtaala, ataingia mpaka ofisini: huyu atataka mada fulani iondolewe, yule atataka mwanawe asichanganywe na wengine, na mwenye fedha atasikilizwa kuliko asiye nazo. Hatari hiyo ipo, na mipaka ni lazima iwekwe. Mtaala ni wa taifa. Huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, na shule ya kanisa haina ruhusa ya kuupunguza kwa ajili ya mzazi wala kwa ajili ya mchungaji. Shule inaweza kuongeza sala na ibada zake; haiwezi kupunguza Sayansi. Mzazi basi haulizwi kifundishwe nini. Anaulizwa anajua nini juu ya kinachofundishwa. Malalamiko na mipango yake ipitie kamati ya shule, mahali ambapo mwenye gari na mwenye baiskeli wana kura sawa.

Na upo mpaka mwingine, unaotuhusu sisi walimu. Kumshirikisha mzazi si kumtwika kazi yetu. Mada ngumu ifundishwe na mwalimu, darasani, kwa saa alizolipwa. Anayeacha mada nusu na kuandika "malizeni nyumbani" hakushirikisha familia, amekimbia kipindi.

Neno kwa wanachuo

Ndugu mwanachuo, utakapopangiwa shule ya Kikristo kwa mazoezi ya kufundisha, huenda ukakuta desturi ya daftari la mawasiliano kama nililolieleza. Huna mamlaka ya kuibadili shule kwa majuma machache, wala usijaribu kumfundisha mwalimu mkuu kazi yake. Lakini andalio la somo ni lako. Chini ya malengo, kabla hujaandika utangulizi, ongeza mstari mmoja: nyumbani wataulizwa nini? Ujaze mstari huo angalau mara moja kwa juma, katika somo lolote unalofundisha, na majibu yanaporudi yaandike ubaoni pamoja na jina la aliyeyatoa: mama Neema amesema hivi, babu yake Yohana amesema vile.

Mtoto atakapoliona jina la mama yake ubaoni, limeandikwa na mwalimu, kwa chaki ile ile inayoandika maarifa mengine yote, atakuwa amefundishwa amri ya kuwaheshimu baba na mama kwa namna asiyoweza kuisahau.